Je, Wajua? Betri ya moyo
Mtu wa kwanza kupandikizwa mwilini betri ya moyo, yaani kifaa cha umeme kinachosaidia moyo kupiga, alikuwa Arne Larsson wa Uswidi, tarehe 8 Oktoba 1958. Kifaa hicho kilizimika baada ya saa chache tu. Larsson alibadilishiwa vingine zaidi ya 20, akaishi hadi 2001; aliuawa na saratani, si moyo.

Si kila moyo unaokwenda polepole huhitaji betri. Mapigo 50 kwa dakika kwa mwanariadha ni ya kawaida kabisa. Hatari huja umeme wa moyo unapokatika njiani kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini: kizunguzungu, kuishiwa pumzi, kuzimia ghafla. Tafadhali, mzee anayeangukaanguka asiambiwe ni uzee tu. Apelekwe akapimwe moyo.

Kifaa hukaa chini ya ngozi, karibu na mtulinga. Simu isiwekwe mfuko wa kifuani karibu nacho. Ukipiga simu, sikilizia sikio la upande usio na kifaa. Uwanja wa ndege, onyesha kadi yako ya kifaa. Betri nyingi hudumu miaka 8 hadi 12, kisha kasha zima hubadilishwa, hivyo usikose kliniki hata ukijisikia mzima.