Mlo wa jioni: Tushauriane kabla ya kupika

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuoteshea nafaka na matunda. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, Mkoa wa Njombe umejaaliwa neema ya chakula. Mahindi, maharage, njegere, viazi mviringo na maparachichi hutoka huku kwenda kulisha miji mingine, yakipitia Makambako, kwenye njia panda ya Songea, Mbeya na Dar es Salaam. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Sababu ni nyingi, na nyingine huanzia mimbani. Lakini mojawapo imo mikononi mwetu, nayo ni sahani ya kila siku.

Katika nyumba nyingi swali la nini kipikwe huulizwa jua likizama. Mama amerudi shambani amechoka, baba bado yuko dukani au stendi. Hupikwa kinachoiva upesi: ugali na mboga ileile ya jana. Baba hula chipsi njiani, na watoto hulala wameshiba lakini hawakulishwa.

Dini yetu inafundisha mashauriano hata katika chakula. Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu anawaelekeza wazazi wanaotaka kumwachisha mtoto ziwa wafanye hivyo kwa kuridhiana na kushauriana. Ikiwa ziwa la mtoto mmoja linahitaji mashauriano, vipi chungu cha familia nzima aachiwe mama peke yake? Naye Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa Mtume (S.A.W.), alipokuwa nyumbani, alikuwa katika kuwahudumia ahli zake.

Basi tunashauri kikao kifupi cha wazazi kila Ijumaa baada ya Alasiri, na usiku huo maharage yalowekwe. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi joto 100, ndiyo maana maharage huchelewa kuiva na kumaliza mkaa.

Jumamosi iwe ugali, maharage na kabichi. Jumapili, viazi kwa njegere. Jumatatu, kwa wanaofunga Sunna, futari ya uji, viazi na mayai. Jumanne, wali kwa maharage. Jumatano, ugali, dagaa na mboga za majani. Alhamisi, futari tena, pamoja na maziwa. Ijumaa, pilau yenye nyama iliyochinjwa kisharia, hata ikiwa kidogo. Parachichi lisikosekane katika msimu wake.

Asiyeweza haya yote ashike kanuni moja: pamoja na ugali, wali au viazi, kiwepo kitu cha jamii ya kunde, dagaa, mayai, maziwa au nyama, kisha mboga au tunda. Mtoto mdogo apondewe chakula hichohicho.

Tuandae mapema, tule pamoja baada ya Magharibi. Mtume (S.A.W.) ametuelekeza kuwa chakula cha jioni kikishawekwa na Swala ikakimiwa, tuanze na chakula, ili moyo usigawanyike. Na Umar bin Abi Salama alijifunza kutaja jina la Allah, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake akiwa mtoto, kwenye sahani ya Mtume mwenyewe. Mtoto anayekula peke yake atafundishwa na nani?

Wala tusimsahau jirani, awe wa dini yoyote. Abu Dharr (R.A.) aliusiwa aongeze maji katika mchuzi ili majirani wapate. Mchuzi uliopangwa tangu Ijumaa hauwi mgumu kuongezwa maji.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu abariki riziki zetu na awakuze watoto wetu katika afya na twaa. Amin.