Usiuze Mboga Zote: Kumbuka Tumbo Lako

Mkulima wa skimu, siku ya soko unapeleka nini? Pengine sukuma wiki, karoti na mapera yote hupakiwa garini, na jioni watoto hula ugali mweupe kwa chai. Fedha ni nzuri, lakini ukiuza mboga zote umeuza na ulinzi wa nyumba yako.

Tazama jembe lililoachwa nje kwenye mvua. Hushika kutu, na kutu ni kazi ya hewa ya oksijeni. Mwilini pia, oksijeni inapotumika kuchoma chakula, hutokea chembe kali ziwezazo kudhuru mwili, hata ngozi ya ndani ya utumbo. Vitu vinavyozuia madhara hayo huitwa antioksidanti. Vitamini C ni mojawapo, na pia ile rangi ya karoti, maboga na viazi vitamu vya manjano. Rangi hiyo imo hata katika majani ya kijani, ingawa haionekani.

Labda utasema, “Basi nitanunua vidonge.” Ngoja kwanza! Mwaka 2004 wataalamu walikusanya matokeo ya majaribio 14, yenye watu zaidi ya 170,000. Vidonge vya antioksidanti havikuonekana kuzuia kansa ya tumbo wala ya utumbo. Na katika nchi ya Ufini, ilijulikana mwaka 1994 ya kuwa wavuta sigara waliopewa vidonge vya rangi ile ya karoti walipata kansa ya mapafu kuliko wenzao. Kidonge si mboga. Mboga huja na nyuzinyuzi, ambazo hulainisha choo na kulisha vijidudu vyema vya utumboni.

Basi fanya hivi:

1. Kabla ya kwenda sokoni, tenga kwanza chakula cha nyumbani. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima ale gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, au zaidi.

2. Osha mboga kabla ya kuzikata. Zipike kwa maji machache na kwa muda mfupi, kwani vitamini C hupotea majini na motoni. Tia mafuta kidogo, ili mwili upate ile rangi ya manjano.

3. Wape watoto mapera. Yana vitamini C kuliko machungwa.

4. Kula maharagwe, na unga usiokobolewa.

Neno la mwisho. Mboga hulinda, lakini haziponyi kansa. Ukiona damu chooni, au choo kikibadilika kwa majuma kadhaa, au ukikonda bila sababu, usione haya wala usiseme, “Ni bawasiri tu.” Nenda hospitali upimwe mapema. Ng'ombe wako akiugua humwiti daktari? Wewe ni zaidi ya ng'ombe.