Kipa mwenye uvimbe kiganjani asijitibu mwenyewe

Shuti la mbali limetua kwenye glovu. Kipa kaudaka mpira vizuri tu, lakini anakunja uso. Hajateguka wala hajavunjika. Kwenye shina la kidole cha kati, upande wa kiganja, kuna kitu kigumu saizi ya njegere. Kila akikamata mpira, kinauma.

Wengi hukaa kimya. Kipa wa pili yuko benchi anasubiri, na nafasi ya langoni ikishaondoka hairudi kirahisi. Kimya hicho ndicho hugharimu, maana tatizo lenyewe mara nyingi ni dogo.

Madaktari huliita ganglioni. Ni kifuko chenye ute mzito kama jeli, kinachoota kwenye ala ya kano au kwenye kiungo. Si saratani. Huonekana zaidi upande wa juu wa kifundo cha mkono, na huwapata sana watu wa miaka 20 hadi 40, umri uleule wa kusakata kabumbu.

Daktari hukibonyeza, kisha hukimulika kwa tochi: ute hupitisha mwanga, uvimbe wa nyama haupitishi. Kikiwa kimejificha, altrasaundi hukionesha. Eksirei yenyewe haikioni, ila huonesha kama mfupa una shida.

Kisipouma, huachwa. Karibu nusu hupotea vyenyewe bila tiba yoyote. Kikisumbua, daktari hunyonya ule ute kwa sindano. Njia hiyo ni ya haraka, lakini kifuko hurudi mara nyingi, hasa kile cha kwenye kifundo. Upasuaji hukitoa pamoja na shina lake, hivyo uwezekano wa kurudi hupungua, ingawa hauishi kabisa. Hapo kipa hukaa nje wiki kadhaa akifanya mazoezi ya kukunja vidole visikakamae.

Zamani, Ulaya na Marekani, walikiponda kwa kitabu kizito. Mpaka leo wapo wanaokigonga au kukitoboa kwa pini. Ni hatari: mfupa unaweza kuvunjika, neva zikaumia, au vijidudu vikaingia kwenye kano. Kikikua haraka, kikiwa chekundu na cha moto, au vidole vikifa ganzi, si jambo la kusubiri mechi ijayo.

Beki akiumia goti huinua mkono, daktari anaingia uwanjani. Kipa naye ana haki hiyohiyo, hata kama maumivu yake ni ya saizi ya njegere.