Gemu zilizochangiwa fedha, kisha zikakosa mashine ya kuchezewa

Mwishoni mwa mwaka 2014, studio ndogo ya mjini Adelaide, Australia, iliomba fedha mtandaoni ili itengeneze gemu ya mdudu mdogo mwenye upanga anayezunguka katika magofu ya chini ya ardhi. Lengo lao lilikuwa dola 35,000 za Australia. Walijitokeza wachangiaji zaidi ya 2,000, na hesabu ilipofungwa ilikuwa imevuka dola 57,000. Kwa kuwa fedha zilizidi, studio hiyo iitwayo Team Cherry ikaahidi jambo la nyongeza: gemu yao, Hollow Knight, isingeishia kwenye kompyuta tu, bali ingetoka pia kwenye Wii U, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo ya Japani.

Gemu ilitoka kwenye kompyuta Februari 2017, ikapendwa, na hadi leo ni miongoni mwa gemu za watengenezaji wadogo zinazosifiwa zaidi duniani. Toleo la Wii U halikutoka. Kufikia wakati huo Nintendo ilikuwa imeacha kuitengeneza mashine hiyo na iko mbioni kuleta nyingine, Switch. Studio ikaihamishia ahadi yake huko, na toleo la Switch likafika Juni 2018.

Kwa mtu mzima, hiyo ni habari ya biashara. Kwa mtoto hesabu ni nyingine kabisa. Mtoto aliyekuwa na miaka minane mzazi wake alipochangia gemu hiyo aiche­zee kwenye Wii U ya nyumbani, alikuwa na miaka kumi na mmoja ilipotoka kwenye mashine ya Nintendo, tena si ile iliyokuwa sebuleni kwao. Switch ilipoingia sokoni Marekani iliuzwa karibu dola 300. Kwa hiyo ahadi ilitimizwa, lakini kwa familia iliyotaka kuendelea na Nintendo, kuifuata kulidai kununua mashine mpya.

Mazungumzo ya gemu katika familia nyingi huishia kwenye muda: mtoto amecheza saa ngapi, amelala saa ngapi, shule imeathirika kiasi gani. Hofu hiyo ina msingi, kwani Shirika la Afya Duniani lenyewe liliupitisha mwaka 2019 ugonjwa wa kushindwa kudhibiti uchezaji wa gemu uingie katika orodha yake ya magonjwa. Lakini muda si kitu pekee ambacho mtoto anakitoa kwenye gemu. Anatoa pia subira yake, na mara nyingi hela za mzazi, kwa kitu ambacho hakijatengenezwa bado.

Mashine inapochoka

Wii U ilitoka Novemba 2012. Katika maisha yake yote iliuzwa zaidi kidogo ya milioni 13.5, wakati ile iliyoitangulia, Wii, ilikuwa imevuka milioni 100. Kampuni kubwa za gemu ziliona mapema na kuondoka. Walioendelea kuahidi kuitengenezea walikuwa wengi wao watengenezaji wadogo, watu wawili, watatu, wakati mwingine mmoja anayefanya kazi nyumbani usiku baada ya ajira ya mchana.

Ahadi ya namna hiyo ni rahisi kuitoa kuliko kuitimiza. Kompyuta haina mlinzi mlangoni. Ukimaliza gemu yako unaiuza. Mashine ya gemu ina mwenyewe. Kampuni iliyoiunda ndiyo inayotoa vifaa maalumu vya kutengenezea, ndiyo inayokagua kila gemu kabla ya kuipitisha, na ndiyo yenye duka la mtandaoni. Katikati yao wamo pia wale wanaotengeneza programu ambazo watu wadogo hujengea gemu zao, maana hakuna studio ya watu watatu inayoanza kila kitu sifuri. Mashine ikikosa soko, wenye programu hizo huacha kuihudumia. Mtengenezaji anabaki na gemu inayokwenda vizuri kwenye kompyuta na PlayStation, lakini kwenye mashine ile moja inakwama, inaganda, inajizima. Kurekebisha ni miezi. Na miezi ikiisha, wanunuzi nao wameshaiweka mashine kabatini.

Ni vigumu kumlaumu anayesitisha kazi katika hali hiyo. Analaumiwa kwa kukaa kimya.

Yooka-Laylee, ya studio ya Playtonic ya Uingereza, ilichangiwa zaidi ya pauni milioni 2 mwaka 2015, na Wii U ilikuwa kwenye orodha ya ahadi. Desemba 2016 studio ilitangaza wazi kwamba matatizo ya kiufundi yamewashinda, ikahamia Switch. Bloodstained ya Mjapani Koji Igarashi, iliyokusanya zaidi ya dola milioni 5.5 mwaka huohuo, iliiacha Wii U kwanza, kisha mwaka 2018 ikaiacha na PlayStation Vita. Gemu yenyewe ilitoka Juni 2019 kwenye mashine nyingine. Mighty No. 9, iliyochangiwa zaidi ya dola milioni 3.8 mwaka 2013, ilitoka mwaka 2016, lakini matoleo yake ya vifaa vya mkononi, Nintendo 3DS na Vita, hayakuonekana kamwe.

Vita na tangazo la Machi

Habari ya Vita inaumiza zaidi kwa sababu kifaa hicho kiligeuka kuwa nyumba ya watengenezaji wadogo. Sony ilikitoa Japani Desemba 2011. Hakikuuzwa vizuri, kampuni kubwa zikakikimbia, na nafasi iliyobaki wazi ikajazwa na studio ndogo ambazo gemu zao zilionekana vizuri kwenye kioo chake kidogo. Hata Sony ilipoacha kukitengeneza mwaka 2019, bado wapo waliokuwa wakiendelea. Soko lilikuwa dogo, lakini wanunuzi wake walikuwa waaminifu.

Tarehe 29 Machi 2021 Sony ikatangaza kwamba duka la mtandaoni la Vita litafungwa tarehe 27 Agosti mwaka huo. Baadhi ya watengenezaji walisema hadharani kwamba hawakuwa wameambiwa kabla. Walisikia kama wasomaji wengine wa habari. Mtu aliyekuwa katikati ya kazi alijikuta na miezi michache ya kumaliza, kupitisha kwenye ukaguzi na kuuza, na wengine walisitisha gemu ambazo umma haukuwahi hata kuzisikia majina.

Kelele zikawa nyingi, na tarehe 19 Aprili Sony ikarudi nyuma: duka la Vita na lile la PlayStation 3 yakaachwa wazi. Kwa mnunuzi, hiyo ilikuwa nafuu. Kwa aliyekuwa ameshaweka kazi yake chini ndani ya wiki hizo tatu, nafuu hiyo ilikuwa ndogo. Kuwasha tena mradi uliosimama si sawa na kuwasha taa, hasa pale mshahara wa mwezi ujao unategemea kazi nyingine uliyokwisha kuikubali.

Nintendo ilifanya kwa utaratibu zaidi. Ilitoa taarifa Februari 2022, ikafunga ununuzi kwenye maduka ya Wii U na 3DS tarehe 27 Machi 2023, kisha huduma za kucheza pamoja mtandaoni zikazimwa Aprili 2024. Zaidi ya mwaka mmoja wa taarifa. Baada ya hapo, gemu iliyokuwa haijamalizika haikuwa tena na duka la kuuzwa, hata kama mwenyewe angeimaliza siku iliyofuata.

Zinakwenda wapi?

Nyingi hubaki kwenye kompyuta ya mtengenezaji. Zenye bahati huhamishiwa mashine nyingine. Chache sana hufufuka baada ya miaka mingi: Star Fox 2 ya Nintendo ilikuwa imekamilika katikati ya miaka ya 1990 ikawekwa kando, ikaja kutolewa rasmi Septemba 2017. Lakini hiyo ni kampuni tajiri yenye ghala na wanasheria. Studio ya watu wawili ikivunjika, diski ngumu yenye kazi ya miaka mitatu inaweza kuuzwa pamoja na meza.

Hata gemu zilizotoka haziko salama. Taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichapisha utafiti mwaka 2023 ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena kwa kununuliwa kihalali. Watunza kumbukumbu waliomba maktaba ziruhusiwe kuwaazima watafiti gemu hizo kwa njia ya mtandao. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo ikakataa. Kama hiyo ndiyo hali ya zilizouzwa madukani, ya zile ambazo hazikutoka inaweza kukisiwa.

Nyingine huvuja. Nakala isiyokamilika inatoka mkono mmoja hadi mwingine, mwishowe inafika kwa mtoto wa miaka kumi na miwili anayejua kutafuta mtandaoni kuliko wazazi wake. Hapa mzazi anahitaji kuwa macho. Alama za umri zinazowekwa kwenye maboksi, kama za ESRB ya Marekani au PEGI ya Ulaya, hutolewa kwa gemu inayokwenda kuuzwa. Nakala iliyovuja huenda haikuwahi kupitiwa na mtu yeyote kwa ajili hiyo, na faili lenyewe linaweza kuwa limefungwa pamoja na programu haribifu. Mara nyingi pia haiingii kwenye mashine mpaka ulinzi wake uvunjwe.

Hela ya mzazi

Kuchangia gemu mtandaoni si kununua. Tovuti kama Kickstarter zinasema zenyewe kwamba si duka. Utafiti wa Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliotolewa mwaka 2015, ulikuta kwamba takriban asilimia 9 ya miradi iliyofanikiwa kupata fedha huko ilishindwa kuwapa wachangiaji walichoahidiwa. Si wengi, lakini mzazi anayechanga kwa jina la mtoto anapaswa kumweleza kabla ya kulipa kwamba kitu hicho huenda kisije, au kikaja wakati mashine yao imepitwa. Watoto wanamudu habari hiyo kuliko watu wazima wanavyodhani. Kinachowasumbua ni kuuliza kila Jumamosi na kujibiwa “bado kidogo” na mtu ambaye naye hajui.

Gemu ya kupakua nayo ina mipaka yake. Anachonunua mtu ni ruhusa ya kuitumia. Jimbo la California lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayowataka wauzaji waliseme hilo wazi kabla ya mteja kulipa.

Kwa familia za huku, mashine hizi zinazofifia mara nyingi hufika zikiwa zimetumika, kutoka kwa wauza mitumba ya vifaa vya umeme au kwa mjomba aliyeko Uingereza au Dubai. Bei huvutia. Lakini Wii U bila kile kidude chake chenye kioo haiwezi hata kuwekwa sawa kwa mara ya kwanza, na kidude cha Japani hakikubali mashine ya Ulaya. Diski zake pia zimefungwa kwa kanda, hivyo diski ya Marekani haichezi kwenye mashine iliyotoka Uingereza. Vita ya toleo la kwanza inahitaji kadi yake maalumu ya kumbukumbu, si ile ya simu, na muuzaji anaweza kuwa ameuza kadi kando. Muulize kabla hujalipa, na mwambie aiwashe mbele yako.

La mwisho la kuangalia ni akaunti. Gemu alizopakua mwenye mashine wa kwanza ni za akaunti yake. Akiifuta, zinaondoka nayo. Kwenye Wii U huwezi kuzinunua upya kwa kuwa duka limefungwa. Aliyezinunua kabla ya Machi 2023 bado anaruhusiwa kuzipakua tena, na Nintendo haijataja tarehe ambayo ruhusa hiyo itakoma.