Ngoma ikikutana na gitaa, nani anune?

Ndugu msikilizaji, hivi karibuni katika kipindi chetu cha jioni tulipiga wimbo wa vijana wa hapa Songea waliochanganya lizombe na muziki wa kizazi kipya. Wimbo haujafika nusu, simu zikaanza kulia. Mzee mmoja wa Mfaranyaki alitaka kujua ni nani aliyetoa ruhusa ngoma ya Wangoni ichezewe namna ile. Binti wa Bombambili akaomba turudie, tena kwa sauti ya juu. Mpiga simu wa tatu hakusema kama wimbo ni mzuri au mbaya. Aliuliza jambo moja tu: wale wapiga ngoma wamelipwa shilingi ngapi?

Maswali hayo matatu ndiyo mada yetu ya wiki hii. La kwanza ni la heshima, la pili ni la ladha, la tatu ni la haki. Tatizo letu ni kwamba huwa tunayajumlisha, tukagombana juu ya ladha huku kinachouma ni haki.

Tuanze na dhana kwamba kuchanganya muziki ni uharibifu ulioletwa na vijana wa leo. Wenyeji wa mwambao wa Ziwa Nyasa, pande za Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, wanaujua vizuri mganda. Wachezaji hujipanga mistari kama askari wa gwaride, wamevaa nadhifu, wanapuliza vibuyu vyenye sauti ya kukoroma na ngoma kubwa inashika mwendo. Leo mganda tunauita ngoma ya asili bila wasiwasi wowote. Lakini mganda ni mtoto wa beni, na beni yenyewe ni mchanganyiko. Ilianza katika miji ya mwambao wa Kenya miaka ya 1890, pale vijana wa Kiswahili walipoziiga bendi za kijeshi za Wazungu na kuziingiza katika mashindano yao ya ngoma. Vikundi vya Marini na Arinoti vikaenea mpaka Tanganyika. Vita Kuu ya Kwanza, ya 1914 hadi 1918, ikawatawanya askari na wapagazi, nao wakaibeba beni hadi kusini na ng'ambo ya ziwa, Nyasaland, ambako iliitwa pia malipenga. Asiyekuwa na tarumbeta akachukua kibuyu. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyewahi kufundisha Dar es Salaam, aliifuata safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975, na anaonyesha jinsi wamisionari na maofisa wa kikoloni walivyoitilia shaka. Kilichonunwa jana, leo ndicho tunachokilinda.

Taarabu nayo ni hivyo hivyo. Iliingia Unguja kutoka Misri zama za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ikaimbwa Kiarabu katika jumba la mfalme. Akaja Siti binti Saad, mwanamke kutoka shamba, akaiimba kwa Kiswahili. Wapo waliomdharau kwa asili yake. Lakini mwaka 1928 alisafirishwa na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikafanya taarabu ya Kiswahili isikike pwani yote. Muziki wa dansi tunaouita zilipendwa ulijifunza kwa santuri za Kuba, ndiyo maana Morogoro palikuwa na bendi iliyojiita Cuban Marimba. Na ile Sikinde ya Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, imechukua jina lake kwa ngoma ya Wazaramo. Kanisani je? Padre Stephen Mbunga, aliyetunga Misa Baba Yetu, alilazimika kuandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1963, kupima sheria za Kanisa zinasemaje juu ya muziki wa Kibantu. Leo ukiondoa ngoma kwenye misa ya Pasaka, waumini watauliza kuna msiba gani.

Kama mambo ni hayo, mbona bado tunanuna? Kwa maoni yangu zipo sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba kila muziki una adabu yake ya kusikilizwa. Katika taarabu ya zamani watu hukaa, husikiliza maneno, na anayeguswa huinuka kwenda kutunza. Katika dansi watu huinuka wawili wawili. Katika ngoma hakuna mtazamaji hasa: anayepiga makofi naye yumo. Ukichanganya muziki umechanganya pia adabu hizo, na mtu asiyejua akae au asimame hukasirika upesi. Wakubwa wanakumbuka yaliyotokea miaka ya 1990. Tanzania One Theatre, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1992 na kuongozwa na mwana Ruvuma mwenzetu, marehemu Kapteni John Komba wa Lituhi, kilipanga katika onyesho moja kwaya, ngoma, maigizo na taarabu. Khadija Kopa alitoka Culture Musical Club ya Unguja akajiunga nacho. Kinanda cha umeme na gitaa vikashika nafasi ya ala za zamani, mipasho ikapamba moto baina yao na Muungano Cultural Troupe, na watazamaji waliokuwa wakikaa wakaanza kucheza. Wazee wa taarabu asilia walisema hiyo si taarabu. Kumbi zilijaa hata hivyo. Pande zote mbili zilikuwa na hoja: muziki ulikuwa umebadilika kweli, na watu walikuwa wanaupenda kweli.

Sababu ya pili ni ya kiufundi, na hii wasikilizaji wengi wanaihisi bila kuweza kuieleza. Studio za siku hizi huanza na mdundo wa kompyuta. Fundi anaweka kasi moja, haipandi wala haishuki, halafu anamwita mpiga ngoma aufuate. Lakini ngoma ya kijijini huenda na mchezaji. Akichangamka inapanda, akichoka inampumzisha. Tena ngoma zetu nyingi zina mapigo matatu yanayotembea juu ya mawili, mguu unakwenda huku na bega kule. Mashine ikipangwa kwa mapigo manne ya kunyooka, mpiga ngoma hulazimika kuinyoosha ngoma yake. Mzee akisikia hapo husema imeharibiwa, kijana humwona mkaidi, kumbe mzee ametaja kitu halisi: mguu wake haujui pa kukanyaga.

Sauti nazo ni hivyo. Kinanda cha dukani kimegawa sauti katika hatua 12 zilizo sawa. Ilimba la Wagogo halikutengenezwa kwa kipimo hicho, na zile sauti za katikati zilizomo katika taarabu ya kale, zinazotolewa na fidla na ganuni, kinanda cha kawaida hakina. Marehemu Hukwe Zawose, yule bingwa wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, alipofanya kazi na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada, ilimba na sauti ya Zawose vilibaki vikisikika kama vilivyo. Hapo kuna fundisho kwa mafundi wetu: irekodiwe ngoma kwanza, ipumue, kisha kinanda kitafute pa kukaa.

Sababu ya tatu ni hofu ya kumezwa. Pale msanii mwenye jina kubwa anapokutana na mwenye jina dogo, tunahofu mdogo atakuwa kiungo tu, kama bizari kwenye mchuzi wa mwingine. Hofu hii si ya bure, lakini haitokei kila mara. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa bibi kizee alipoimba na vijana wa Offside Trick wa Zanzibar katika wimbo wa Ahmada, na hakuna aliyemmeza. Sauti ile ilikuwa yake na vijana walijipanga nyuma yake. Mwaka 2016 Professor Jay, mkongwe wa kurap, alimwita Sholo Mwamba wa singeli katika Kazi Kazi, wakati ambapo watu wengi wa mjini waliiona singeli kuwa fujo za vigodoro. Mwaka huo huo Mrisho Mpoto, mzaliwa wa hapa hapa Songea, alitoa Sizonje akiwa na Banana Zorro. Tazama walivyogawana kazi. Mpoto hakujaribu kuimba kama Banana, naye Banana hakujaribu kughani kama Mpoto. Kila mmoja alikuja na mzigo wake, wakautua mahali pamoja. Ndiyo maana wapenzi wa mashairi walisikiliza, na wapenzi wa muziki laini nao wakasikiliza.

Mwaka 2016 ulileta pia Salome ya Diamond Platnumz na Rayvanny, iliyojengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli, aliyewika na ngoma za Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hapa Songea nilisikia vijana wakidhani ni utunzi mpya kabisa, na watu wazima wakiuliza kwa nini watoto hawajui mwenyewe. Mwaka uliofuata Saida Karoli alirudi na wimbo wake mpya, Orugambo, akapata masikio ambayo kwa miaka kadhaa hayakuwa yakimsikia. Mchanganyiko unaweza kumfunika mtu, na unaweza pia kumfunua. Tofauti ni kama jina lake limetajwa.

Na hapo ndipo tunapofika kwa yule mpiga simu wa tatu.

Utaratibu uliozoeleka ni huu. Vijana wanakwenda kijijini au wanawaita wazee wanne studio. Wanapewa nauli, soda na chakula cha mchana, wanapiga tangu asubuhi hadi jua linapogeuka, wanarudi kwao. Wimbo ukivuma, anayeitwa jukwaani ni mwimbaji. Mpiga ngoma anausikia redioni kama wewe na mimi. Siku nyingine wakiitwa, wazee wanakataa, na mji mzima unasema wazee wana roho mbaya, hawataki maendeleo ya vijana. Hapana. Wanajua hesabu.

Kuna watakaosema ngoma ni ya kabila zima, haina mwenyewe, basi alipwe nani? Hoja hii inasikika vizuri lakini ina tundu. Ni kweli mdundo wa lizombe hauna mtunzi mmoja. Ila mikono iliyoupiga siku ile studio ina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ile iliyoleta COSOTA, inatenganisha mambo haya mawili. Mtunzi ana hakimiliki ya utunzi wake, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mpigaji au mwimbaji ana haki yake katika onyesho lake lililorekodiwa, hata kama hakutunga kitu. Sheria hiyo hiyo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi na matumizi yake kibiashara. Kwa hiyo anayesema ngoma haina mwenyewe amesoma nusu ya ukurasa.

Nini kifanyike? Vijana, andikeni makubaliano kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Karatasi moja inatosha: majina ya wapigaji, malipo ya siku ile, na mgawo wao iwapo wimbo utaingiza fedha. Somaneni kwa sauti, kwa lugha ambayo mzee anaielewa, kila mtu abaki na nakala yake. Mkiweza, kikundi cha ngoma kipande jukwaani pamoja nanyi, wala si sauti yake peke yake.

Wazee wetu, mkatalieni mnyonyaji, msiukatalie muziki. Ngoma isiyopigwa na kijana haihitaji gitaa kuiua. Kila mwaka mwishoni mwa Februari, tunapowakumbuka mashujaa wa Maji Maji pale Mahenge, ngoma zinachezwa na tunajivuna. Lakini siku nyingine zote za mwaka mtoto wa Lizaboni anaisikia wapi lizombe, kama si katika nyimbo hizi hizi?

Nasi wasikilizaji tujifunze kuuliza vizuri. Kusema sikuupenda ni haki yako, na hakuna wa kukulazimisha kupenda. Kusema hii si ngoma yetu, hapo una wajibu wa kueleza kilichopotea ni nini: ni mwendo, ni maneno, au ni jina la mwenye mikono.

Redio nayo ina sehemu yake. Kuanzia wiki hii, wimbo wowote wenye ngoma ndani yake utakaoletwa katika kipindi chetu uje na majina ya wapigaji na kikundi chao, nasi tutayasoma hewani kabla wimbo haujaanza. Usipokuwa na majina, utasubiri.

Chanda chema huvikwa pete. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.