Kwa nini Sobers aliachwa nje ya kikosi bora cha kriketi cha zama zote

Na Mwandishi Wetu

MJADALA kuhusu nani ni bora kuliko wote katika historia ya kriketi hautofautiani sana na ule wa Pele na Maradona katika vijiwe vya kahawa. Kila upande una takwimu zake, na hakuna anayekubali kushindwa.

Mwaka 2011 mjadala huo ulitoka vijiweni. Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC), likiadhimisha mechi ya 2,000 ya Testi, iliyowakutanisha England na India katika uwanja wa Lord's jijini London, liliwaomba mashabiki wapige kura kwa njia ya intaneti kuchagua wachezaji 11 bora wa zama zote.

Matokeo yalipotangazwa, Sir Garfield Sobers wa Barbados hakuwamo.

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu, Testi ni mechi ya siku tano, na ndiyo inayohesabiwa kuwa kipimo halisi cha mchezaji. Katika mechi 93 za aina hiyo, Sobers aliifungia West Indies mikimbio 8,032 na kuangusha wiketi 235. Alirusha mipira ya kasi na ile ya polepole inayopinda, akadaka, akapiga. Mwaka 1958 alifunga mikimbio 365 dhidi ya Pakistan bila kutolewa, rekodi iliyodumu kwa miaka 36.

Aliyeivunja mwaka 1994, kwa kufunga 375, ni Brian Lara wa Trinidad. Lara alichaguliwa na wapiga kura wale wale waliomwacha Sobers.

Nafasi ya mchezaji anayetegemewa kwa kupiga na kurusha ilikwenda kwa Kapil Dev, nahodha aliyeipa India Kombe la Dunia mwaka 1983. Hakuna anayebisha kwamba Kapil alikuwa hodari; wiketi 434 za Testi si mchezo. Hata hivyo, kikosi hicho kilikuwa na Wahindi wanne, wengine wakiwa Virender Sehwag, Sunil Gavaskar na Sachin Tendulkar, huku kikikosa Mwingereza hata mmoja. Taifa lenye mashabiki wengi zaidi duniani lilipiga kura, na walio wengi hawakuwahi kumwona Sobers, aliyecheza Testi yake ya mwisho mwaka 1974.

Je, wataalamu wangechagua vizuri zaidi? Jibu si rahisi kama linavyoonekana.

Mwaka 2010 jopo lililoandaliwa na tovuti ya Cricinfo liliwachagua Jack Hobbs, Len Hutton, Don Bradman, Tendulkar, Viv Richards, Sobers, Adam Gilchrist, Malcolm Marshall, Shane Warne, Wasim Akram na Dennis Lillee. Miaka mitatu baadaye kitabu cha mwaka cha Wisden, kikiadhimisha toleo lake la 150, kilitoa kikosi chake. Humo Hutton, Gilchrist na Lillee walitoka, wakaingia W. G. Grace, Alan Knott na Sydney Barnes.

Ukiviweka pamoja vikosi vyote vitatu, utakuta wachezaji wanne tu waliomo kila mahali: Bradman, Tendulkar, Warne na Wasim Akram.

Bradman hana mjadala. Mwaustralia huyo alistaafu akiwa na wastani wa mikimbio 99.94 katika mechi 52. Miongoni mwa wachezaji waliokwisha kustaafu baada ya kucheza Testi 20 au zaidi, anayemfuata ni Adam Voges mwenye 61.87. Katika zamu yake ya mwisho, mwaka 1948, Bradman alihitaji mikimbio minne tu ili wastani ufike 100. Alitolewa na Eric Hollies bila kufunga hata mmoja.

Kwa Warne mambo huanza kuwa magumu. Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka ndiye mwenye rekodi ya wiketi nyingi zaidi za Testi, 800, wakati Warne alimaliza na 708. Muralitharan hayumo katika kikosi chochote kati ya hivyo vitatu.

Wanaomtetea Warne husema wiketi 176 za mpinzani wake zilitoka kwa Bangladesh na Zimbabwe, timu zilizokuwa dhaifu, ambako Warne alipata 17 tu. Wanaomtetea Muralitharan hujibu kwamba Warne alikuwa na Glenn McGrath upande wa pili akiwachosha wapigaji, ilhali Muralitharan aliibeba Sri Lanka karibu peke yake. Hoja zote mbili ni za kweli, na ndiyo maana takwimu peke yake haziwezi kukata shauri.

Grace naye ni kielelezo kingine. Wastani wake wa Testi ni 32.29, kiwango ambacho leo kingemweka mpigaji katika hatari ya kuachwa. Wisden ilimchagua kwa sababu katika karne ya 19, viwanja vikiwa vibovu na vyenye mashimo, yeye ndiye aliyeufundisha ulimwengu jinsi ya kupiga mpira. Kwa maoni ya mwandishi huyu, uamuzi huo ni sahihi kuliko ule wa kumwacha Sobers, kwa kuwa anayehukumiwa kwa zama zake hutendewa haki.

Lakini dosari kubwa ya vikosi hivi haimo katika majina yaliyomo. Imo katika wale ambao hawakupewa nafasi ya kupimwa.

Barry Richards wa Afrika Kusini alicheza Testi nne tu, zote mwaka 1970, akafunga mikimbio 508 kwa wastani wa 72.57. Kisha nchi yake ikatengwa na ulimwengu kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Richards, aliyekuwa mzungu, angalau alicheza hizo nne. Kabla ya hapo timu hiyo ilikuwa ya wazungu watupu, na wenzake weusi na machotara hawakupata hata moja.

Basil D'Oliveira wa Cape Town alilazimika kuhamia Uingereza mwaka 1960 ndipo acheze Testi. Mwaka 1968, England ilipomteua kwa ziara ya Afrika Kusini, serikali ya John Vorster ilikataa kumpokea na ziara ikafutwa. Ni wangapi waliobaki Cape Town bila nauli wala mfadhili? Hakuna orodha ya majina yao.

Kwetu Afrika Mashariki kikwazo kilikuwa cha aina nyingine. Kenya haikupata kamwe hadhi ya kucheza Testi, hata baada ya kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, ilipofungwa na India jijini Durban. Mwaka 2014 ilipoteza hata hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. Hivyo Steve Tikolo, nahodha wa kikosi kile na mchezaji wa Kombe la Dunia mara tano, hana hata Testi moja katika kumbukumbu zake, na jina lake haliwezi kufika mezani pa wateuzi.

Februari 29, 1996, mjini Pune, India, Kenya iliifunga West Indies kwa tofauti ya mikimbio 73 katika mechi ya Kombe la Dunia. Siku hiyo Tikolo alifunga 29, mingi kuliko mpigaji mwingine yeyote wa Kenya. Lara, ambaye miaka 15 baadaye angechaguliwa katika kikosi cha zama zote, alidakwa na Tariq Iqbal kutokana na mpira wa Rajab Ali, akiwa na mikimbio minane.