Pampu ya mafuta haijafa, pima waya kwanza

SHEMEJI yangu alitumia ada ya sekondari ya binti yake kununua pampu ya mafuta ambayo gari lake halikuihitaji. Wenye magari ya zamani katika barabara zetu za mpakani wengi wamepitia hasara kama hiyo, ila hawajui.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya miaka ya 1990. Hubeba wafanyabiashara kutoka Nyanza-Lac na Mabanda hadi mpaka wa Mugina, ambako ukivuka unaingia Manyovu, Tanzania.

Siku hiyo lilizima mlimani likiwa na akina mama watatu na ndoo za samaki. Stata ilizungusha injini vizuri, lakini haikuwaka. Shemeji akarudisha nauli, samaki wakamalizia safari kwa pikipiki.

Fundi alifika, akafungua swichi na kutega sikio kwenye tangi. Kimya. Akatamka: "Pampu imekufa." Ikanunuliwa ya mtumba, ikafungwa, gari likawaka. Siku ya tatu likazima tena.

Hapo ndipo shemeji aliponijia. "Mwalimu, wewe unafundisha umeme. Hebu njoo uangalie."

Mimi si fundi. Nilizaliwa Ulyankulu, Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa 1972, na huko ndiko nilikojifunza kuwasha balbu ya tochi kwa betri na nyaya mbili. Mwalimu wetu alisisitiza jambo moja: umeme lazima uende na urudi. Njia ya kurudi ikikatika, balbu haiwaki hata betri ikiwa mpya.

Ukimya si kifo

Kosa la kwanza lilikuwa lile la kutega sikio. Katika Corolla nyingi za umri huo, kufungua swichi peke yake hakuwashi pampu. Kompyuta ya injini huiamuru rilei ipeleke umeme pale tu stata inapozungusha, na baadaye injini inapokuwa inanguruma. Kwa hiyo ukimya ule haukuthibitisha lolote.

Tulianza na fyuzi iliyoandikwa EFI. Ilikuwa nzima. Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo chenye maandishi DIAGNOSIS. Ukiunganisha tundu la FP na la +B kwa waya mfupi, kisha ukafungua swichi bila kupiga stata, pampu hupewa umeme bila kusubiri amri ya kompyuta. Ikivuma, na mpira wa mafuta ukakaza, tafuta tatizo kwenye rilei au waya unaoiamuru. Yetu haikuvuma.

Tukainua kiti cha nyuma, ilipo soketi ya pampu. Tulipoichomoa na kupima kwa mita, ikaonyesha volti 12. Shemeji akasema, "Si unaona? Umeme upo, pampu ndiyo mbovu."

Ndugu msomaji, hapa ndipo wengi hupotea. Fikiria bomba la maji lililoziba kwa uchafu. Koki ikifungwa, presha ipo kamili. Ikifunguliwa, maji yanadondoka tone kwa tone. Waya wenye kutu ni hivyo hivyo: mita inaona volti, lakini pampu ikidai nguvu haipati. Lazima upime soketi ikiwa imechomekwa na pampu ikiwa imeamriwa kuzunguka.

Tulirudisha soketi, tukaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa erthi wa pampu na nyingine kwenye hasi ya betri. Waya mzima ungeonyesha sehemu ndogo tu ya volti moja. Wetu ulionyesha zaidi ya volti 8! Umeme ulikuwa ukiishia njiani badala ya kufanya kazi kwenye pampu.

Tulipofunua zulia, tulikuta mahali waya huo unapofungwa kwenye bodi pameoza kwa kutu. Miaka ya maji kuchuruzika kutoka ndoo za samaki ilifanya kazi yake. Na ile pampu ya mtumba? Fundi alipokuwa akiifunga alitikisa waya, ukashika kwa siku mbili.

Tukakwangua kutu hadi bati likang'aa, tukaweka kichwa kipya cha waya, tukakaza na kupaka grisi. Tukarudisha pampu ya zamani. Inasukuma mafuta hadi leo.

Tahadhari

Usikubali fundi aunganishe pampu moja kwa moja kwenye swichi ili "umalize safari". Rilei ile hukata pampu injini inapozimika. Ukiiruka, gari likipinduka na bomba likapasuka, pampu itaendelea kumwaga petroli.

Unapopima karibu na tangi, milango iwe wazi, sigara iwe mbali, na usigusishe nyaya zikatoa cheche.

Pampu nazo hufa kweli, hasa kwa sisi tuliozoea uhaba wa mafuta na kutembea na tangi karibu tupu, kwa kuwa petroli ndiyo inayoipoza pampu. Lakini fundi anayesema imekufa akuonyeshe kipimo chake kwanza.

Pampu ya mtumba tuliiuza kwa nusu ya bei. Nusu nyingine ya ada, shemeji bado anaitafuta barabarani.